Chumvi Ndiyo Nyumbani

Mkulima wa Machakos akisema mimea yake imepata dhiki, anamaanisha ukame. Wa pwani huenda akataja chumvi. Mimi nimeishi kwa kuchungulia seli kwenye hadubini, na ninachokiamini ni kwamba seli nyingi huuawa na mabadiliko ya ghafla, hata yakiwa ni chumvi kugeuka maji matamu.

Nimekulia Kaloleni, mtaa wa Nairobi, katika nyumba za mawe zilizojengwa miaka ya 1940. Wazee wa mtaa walipenda kutusimulia jinsi Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alivyosimama katika ukumbi wetu Aprili 1950 akadai uhuru hadharani. Nilisikiliza, lakini miguu yangu ilinipeleka zaidi kwenye maktaba ya mtaa, tawi la McMillan, ambako nilijisomea biolojia kabla sijafundishwa na mwalimu yeyote. Baadaye nikawa napanda basi Jogoo Road kila asubuhi kwenda bewa la Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, kusomea botania.

Mwani ulioniteka moyo ni ule wa Ziwa Nakuru, Arthrospira, ambao madukani huuzwa kwa jina la spirulina. Tone moja la maji ya ziwa lilitosha. Nyuzi za kijani kinachokaribia buluu zilikuwa zimejisokota kama sipringi, kila uzi ukiwa safu ya seli zilizoshikamana, na ndani ya seli kulikuwa na vifuko vya gesi vinavyouwezesha mwani kuelea karibu na mwanga. Ziwa lile halina mto unaotoka. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia, jua hukausha maji, magadi hubaki. Viumbe wengi wangekufa humo. Mwani huu hutengeneza sukari maalumu zinazozuia maji ya seli yasivutwe nje, na husukuma sodiamu itoke bila kupumzika. Kazi hiyo yote hulipwa kwa nishati ya jua, nishati ambayo ingetumika kukua.

Siku moja niliweka tone la maji safi pembeni mwa kioo na kukaa nikitazama. Maji yalipozifikia nyuzi, seli zilianza kufura. Baadhi zilipasuka, rangi ikamwagika. Nilivuta kiti karibu zaidi. Maji yale yale tunayomwagia mche ili upone yalikuwa yamewaua wenyeji wa chumvi mbele ya macho yangu, na tangu hapo utafiti wangu ukapata mwelekeo.

Mama jirani, aliyenijua tangu utotoni, aliniuliza, "Mwanangu, miaka yote hiyo ya kusoma, ni kwa ajili ya utelezi wa majini?"

"Ndiyo, mama. Heroe wengi unaowasikia Nakuru wanakula huo."

Sikuwa namtania. Ekkehard Vareschi, aliyefanya utafiti pale miaka ya 1970, alikadiria kwamba heroe mdogo mmoja hula gramu 72 za mwani, uzito mkavu, kwa siku. Kiplagat Kotut na Lothar Krienitz wakaja kufuatilia jinsi chakula hicho kinavyopanda na kushuka katika maziwa ya Bonde la Ufa, na ndege nao wakihama.

Halafu maziwa yakajaa. Katika miaka ya 2010 Nakuru ilipanuka kutoka takriban kilomita 40 za mraba, ikaja kuzidi 60, na lango kuu la mbuga likaingia majini. Magadi yalizimuliwa, mwani ukapungua, heroe wengi wakaenda Bogoria na kwingineko. Watu waliona mvua nyingi wakafurahi. Mimi niliumia, kwa sababu nilijua kinachoendelea ndani ya kila seli.

Kujua kwamba kila ustahimilivu hulipiwa ndiko kulikonifanya niwe mkali ninaposikia mbegu ikisifiwa kwamba "inastahimili ukame" bila kutajwa inalipa nini. Mahindi ya Katumani, kwa mfano, huukwepa ukame kwa kukomaa mapema, na muda mfupi wa kukua huwa na bei yake kwenye mavuno mvua inapokuwa nzuri. Ni mbegu nzuri. Mkulima ana haki ya kuambiwa yote mawili.

Maabarani tunatunza chupa za mwani uliochotwa kabla ya mafuriko. Chakula chake ni rahisi: maji, madini machache na soda ya bikaboneti, gramu 16.8 kwa lita. Stima ikipotea, wanafunzi huzitikisa kwa mkono ili nyuzi zisitulie chini. Nyuzi hizo tunazipunguzia chumvi polepole, wiki baada ya wiki, na zinazopewa muda hujipanga upya na kuendelea kugawanyika, hata kama kwa uvivu. Sasa tunafanya safari ya kurudi, tukizipandishia magadi hatua kwa hatua, kwa kuwa siku ziwa litakapopungua tunataka kujua ni mwani upi utakaowahi kushika nafasi.