Mkate wa Mchele Huko Kiswere

Kiswere ni ghuba iliyo kati ya Kilwa na Lindi, nchi ya minazi na joto. Huko tulikunywa chai kwa mkate wa mchele na nazi uliopikwa kwa mvuke. Asubuhi ulikuwa laini. Jioni ulikuwa mgumu, ingawa ulifunikwa vizuri.

Sababu si kukauka tu. Wanga wa mchele ukipoa hukaza. Rudisha vipande kwenye mvuke dakika chache, vitalainika. Viliwe vingali moto.

Mkate ukitoka jikoni, uache upoe kwanza, usije ukaloweshwa na jasho la mfuniko. Kisha uviringishe kwa kitambaa safi. Mwenye friji ajue kwamba baridi yake huchelewesha kuharibika, lakini hukaza mkate upesi. Afadhali kugandisha vipande siku hiyo hiyo.

Asiye na friji apike wa kutosha siku moja. Mkate wa nazi uliolala mezani kwenye joto, ukianza kuteleza au kunuka, tuutupe. Mvuke hulainisha mkate mgumu, hauponyi ulioharibika. Kipande kilichotupwa ni hasara ndogo kuliko mtoto kuharisha.