Mtoto wa mjane na puto la kuokoa miguu



Katika kikundi chetu wajane si wachache. Tunachanga franka kila wiki kwa ajili ya minerval ya watoto, na bado tunaambiwa: mtoto asiye na baba hafiki mbali. Basi leo tumtaje Thomas Fogarty wa Marekani, aliyezaliwa Cincinnati mwaka 1934. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka 8, mama akabaki na malezi. Kijana huyo alipenda kutengeneza vitu, tena akiwa bado mdogo alisafisha vyombo hospitalini apate kusaidia nyumbani.

Huko aliona mateso. Damu ikiganda ndani ya moyo, kipande chake kinaweza kusafiri na kuziba mshipa wa mguu. Waganga walipasua sehemu ndefu wakikitafuta. Wagonjwa wengi walikatwa mguu, wengine walikufa.

Fogarty akachukua mrija mwembamba, akakata kidole cha glavu ya hospitali, akakifunga kwenye ncha kwa uzi, kwa fundo alilozoea utotoni akitengeneza chambo cha samaki. Mrija unaingia kwa tundu dogo na kupita ile damu iliyoganda. Puto linajazwa maji, kisha linavutwa polepole likikokota uchafu wote. Viwanda vilimkatalia kwanza, lakini tangu miaka ya 1960 puto hilo limeokoa miguu na maisha ya watu wengi. Mwaka 1977, kule Zurich, munganga Andreas Gruentzig alitumia puto la namna nyingine kufungua mshipa wa moyo wenyewe.

Sisi tushike mambo mawili. Mtoto akiumwa koo pamoja na homa, tumpeleke kwa munganga na tumalize dawa zote alizoandikiwa, maana ugonjwa huo ukiachwa unaweza kuharibu moyo, na moyo ulioharibika hugandisha damu. Tena mtu mguu wake ukipoa ghafla, ukipauka na kuuma sana, tusianze kuukanda kwa maji ya moto wala kungoja kesho. Tukimbilie hospitali, maana mguu huo una saa chache tu.

Na yule mtoto anayefungua redio ya nyumbani, kabla ya kushika fimbo, tumwambie kwanza airudishe kama ilivyokuwa. Pengine ataweza.