Timbo la Mawe na Shamba la Urithi



Tulipokwenda Mombasa likizo iliyopita, tulikuta jambo zito likitungoja. Mtu mmoja mwenye malori alitaka kukodi shamba letu la urithi, kaskazini ya mji, achimbe mawe ya kusaga kokoto. Kodi aliyotaja ilikuwa nzuri, na dada yetu alikuwa na karo ya watoto shingoni. Karatasi ilikwisha andikwa. Zilibaki sahihi zetu tu.

Kabla ya kutia mkono, tulikwenda kutazama timbo lililoachwa katika shamba la jirani. Kuta zake zilisimama wima, bila ua wala alama. Chini maji yalituama, mbu wakielea juu yake. Mzee mwenye shamba alituambia kwamba mbuzi wake wawili walitumbukia humo. Udongo uliokuwa ukimpa mihogo ulifukiwa chini ya kifusi, na mchimbaji alikwisha hama.

Siku ya pili tulipanda matatu hadi Bamburi, tukaingia Haller Park. Hapo palikuwa timbo la kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kuotesha miti juu ya jiwe tupu la matumbawe, mahali ambapo maji ya chini yana chumvi. Alijaribu aina 26. Zilizosimama ni 3 tu: mvinje, mnazi, na ule mti ambao sisi tunaoishi Ghuba tunauita damas na kuuona kila siku kando ya barabara.

Mvinje ulistawi kwa sababu mizizi yake huishi pamoja na vijidudu vinavyoipatia naitrojeni ya hewani. Lakini majani yake, membamba kama sindano, yalilundikana bila kuoza. Ndipo walipoletwa majongoo. Viumbe hao, ambao utotoni tuliwaruka njiani kwa kinyaa, waliyala majani, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo mpya. Baadaye ikafuata miti mingine, mabwawa ya samaki, ndege na wanyama. Tulitembea kivulini, upepo ukivuma katika mivinje, tukasahau kwamba tuko ndani ya shimo.

Hata hivyo, kivuli kile kilihitaji miaka mingi na fedha za kiwanda. Mchimbaji mdogo hana fedha hizo, na akimaliza mawe haonekani tena. Kwa hiyo mpango wa kuponya ardhi hauna budi kutangulia jiwe la kwanza.

Usiku ule tuliketi barazani na kuandika masharti. Udongo wa juu uwekwe kando, usichanganywe na kifusi. Shamba lichimbwe kwa mafungu: fungu la kwanza lijazwe kifusi, lirudishiwe udongo na kupandwa miti kabla ya kufunguliwa la tatu. Sakafu ya timbo ibaki juu ya usawa wa maji. Kuta zilazwe mteremko. Sehemu ya kodi ya kila mwezi iwekwe kwa mtu mwaminifu, iwe ya kupandia. Isitoshe, sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 inataka tathmini ya athari kabla ya kuchimba. Basi tuonyeshwe kwanza leseni ya NEMA.

Mwenye malori aliyakubali yote isipokuwa lile la fedha. Tulidhani dada yetu atatusihi tulegeze. Badala yake alisema, "Karo nitaitafuta. Shamba hili na wajukuu wetu watalitaka." Karatasi ile mpaka leo haina sahihi.

Ndugu zetu, wengi wetu tunajenga nyumbani kwa fedha za ugenini. Kila kokoto iliyomo katika zege letu imetoka katika shamba la mtu. Tukiulizwa bei, nasi tuulize shimo limeachwa vipi. Na tukiletewa karatasi ya kukodisha urithi, tusitie sahihi kwa simu. Twende kwanza tukaitazame ardhi, kwani ni amana.