Visu Vyangu 11 na Kimoja cha Mama



Watu wakisikia nakusanya visu hucheka kwanza, kisha huniuliza kama mume wangu anapata usingizi. Wenzangu hukusanya vikombe vya kahawa, pochi na udi. Mimi nina visu 11, na kila kimoja najua ni cha chuma gani.

Kilichonitia katika jambo hili ni mirathi. Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha kisu cha mpini wa mti ambacho alikatia vitunguu vya biriani tangu napata akili. Tulipogawana vyombo, wifi yangu alikiweka upande wa kutupwa kwa kuwa kimefanya weusi. Nikawaomba ndugu zangu waniachie, maana hata kijiko cha marehemu ni mali ya warithi wote. Wakaridhia. Nilipokinoa kilikata nyanya mbivu bila kuikamua. Changu kipya, kinachong'aa, kilikuwa kinaiponda. Nikataka kujua kwa nini.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hivyo nilielewa haraka: visu ni kama vitambaa. Ukiona mashela mawili meupe huchagui kwa weupe, unauliza hii ni hariri au polista. Feleji, kama wazee wetu walivyoita chuma kizuri, ni chuma chenye kaboni kidogo. Kaboni ndiyo inayokifanya kiwe kigumu kinapopashwa moto mkali kisha kuzamishwa ghafla kwenye mafuta au maji. Feleji iitwayo 1095 ina kaboni kama asilimia 0.95. Inanoleka kwa urahisi na kuwa kali sana, ila inashika kutu. Kisu cha mama ni cha jamii hiyo. Ule weusi haukuwa uchafu; ni utando unaoletwa na vitunguu na ndimu, na husaidia kidogo kuzuia kutu nyekundu.

Feleji isiyoshika kutu huongezwa kromiamu, angalau asilimia 10.5. Mwaka 1913, Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alitengeneza feleji ya namna hiyo, na mji wake wa mafundi visu ukaanza kuitumia. Kwetu visiwani, penye hewa ya chumvi, ni neema kubwa. Lakini usidanganyike: ukikilaza kisu ndani ya beseni la maji usiku kucha, nacho kitakutolea madoa.

Bi harusi mtarajiwa, ukienda dukani soma maandishi kwenye bapa. Ukikuta X50CrMoV15, maana yake ni kaboni asilimia 0.5, kromiamu asilimia 15, na molibdeni na vanadi kidogo. Visu vingi vya Ujerumani ni vya feleji hii. Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell: hivyo huwa kama 56, na vile vya Kijapani vya VG-10 hufika 60. Kigumu zaidi hukaa na makali muda mrefu, lakini ukikigongesha mfupa wa mbuzi kinamomonyoka. Na ukiona kisu cha bei rahisi chenye mawimbi mazuri ubavuni, uliza vizuri. Mawimbi ya kweli ni tabaka za feleji zilizounganishwa kwa moto; mengine yamechapwa juu tu kama maua ya kanga.

Usinunue seti ya visu 15. Anza na vitatu: kikubwa cha jikoni, kidogo cha kumenyea, na chembamba cha samaki. Ongeza kinoo cha maji cha namba 1000 na kibao cha mbao, maana sahani na marumaru huua makali. Kinoe kwa mlalo wa nyuzi 15 hadi 20, pande zote mbili sawa. Kisu butu ndicho kinachokukata, kwa sababu unakilazimisha nacho kinateleza.

Nilijiuliza kama huu si ufujaji. Nikajiwekea sharti: kisu kisichofanya kazi hakikai kwangu. Sikukuu ya kuchinja ikifika, vyangu hutoka kwenda kwa jamaa vikiwa vimenolewa, kwani dini yetu imetuamrisha kunoa ili mnyama asiteseke. Wanaume wana jambia la kuvalia joho siku ya harusi, na ufundi wa khanjar ya Omani uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2022. Sisi tuna kisu cha kila siku, nacho kinastahili heshima yake.

Sasa mdogo wangu anaolewa, inshallah. Alikuwa mtoto mama alipofariki, hakuwahi kusimama naye jikoni. Kisu cha mama nitampa yeye. Nimelia kwa uamuzi huu, sitawaficha, kwa sababu katika vyote 11 hicho ndicho nikipendacho. Shangazi ananiambia zawadi ya kisu hukata mapenzi. Nimemjibu kwa adabu kwamba heri na shari haziko kwenye chuma, ziko kwa Mola wetu. Nitamfundisha mdogo wangu kukinoa, kukikausha na kukipaka tone la mafuta. Mengine atajifunza akikata vitunguu vyake mwenyewe.