Blanketi la nguo za kazi

Huko Marekani, katika jimbo la Alabama, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, ambacho mto wakizunguka pande tatu. Wenyeji wake ni wajukuu wa watumwa waliolima pamba. Mwaka 1942 mama mmoja wa huko, Missouri Pettway, aliyefiwa na mumewe, alikusanya nguo za kazi za marehemu, akazikata, akaziunga kuwa blanketi, apate kumkumbuka na kujifunika upendo wake.

Mwaka 2002 mablanketi ya kijiji hicho yalionyeshwa Houston, kisha New York, na wataalamu walishangaa wakisema yafanana na kazi za wachoraji wakubwa wa siku hizi. Pengine ndivyo. Sisi akina mama wa Mutshatsha tulipoonyeshwa picha yake, tulitazama mahali pengine: pale mfuko ulipobanduliwa, ambapo kitambaa kimebaki na rangi yake ya kwanza, kwa kuwa jua halikupafikia. Nani kati yetu asiyejua alama ile? Kando ya reli hii itokayo Kolwezi kwenda Dilolo, tumefua salopeti tangu ujana wetu.

Basi mwaka jana mwenzetu mmoja alifiwa. Ndugu za mume walikuja, wakachukua redio, baisikeli, hata mashini ya kushona ambayo mama huyo aliinunua kwa mihogo yake mwenyewe. Twasema wazi kwamba hiyo si desturi, ni unyang'anyi. Na sheria ya jamaa ya mwaka 1987 humpa mjane haki ya kukaa katika nyumba yao na kutumia vyombo vyake. Lakini sheria iko mbali, na ndugu wako mlangoni. Walichoacha ni salopeti mbili na shati lililopasuka mgongoni, maana nani atake vitu vyenye mafuta ya mashini?

Kwa majuma mengi mama yule alikaa kimya, mikono juu ya magoti. Maneno yetu ya faraja yalimpita kama upepo. Tulipomletea mkasi na sindano, alitutazama kwa hasira kidogo, kisha akaanza kufumua mshono wa mguu mmoja.

Tulikaa naye kila alasiri. Magoti yalikuwa yameisha, tukayatupa. Migongo ya suruali ilikuwa bado na nguvu. Tulipanga vipande chini, tukavibadili mara nyingi, hapa buluu iliyopauka, hapa nyeusi. Katikati tuliweka blanketi kuukuu, nyuma kitenge, tukashona tabaka zote tatu kwa uzi mnene. Doa moja la mafuta halikutoka kwa sabuni yoyote. Mmoja wetu alitaka kulikata. Mjane akakataa, akaanza kutusimulia siku ile doa lilipoingia, na jinsi alivyomgombeza mumewe. Akacheka. Nasi tukacheka, kisha tukalia wote, sindano zikiwa mikononi.

Mfuko mmoja tuliuacha wazi, pembeni. Katika baridi ya mwezi wa saba watoto wake waligombania upande huo, na mdogo hulala mkono wake umo ndani.