Kisiwa Kinachoficha Bwawa Chini ya Miwa

Japani ikitajwa, wengi wetu huwaza Tokyo, theluji na magari yaliyojaa barabarani mwetu. Lakini hebu ishuke ramani kuelekea kusini-magharibi, ukipite kisiwa cha Okinawa kwa kilomita 300 hivi. Hapo utakikuta Miyako, kisiwa kisichojua theluji. Januari, mwezi wa baridi, joto huwa nyuzi 18 kwa wastani. Julai hukaribia 29.

Kisiwa chenyewe ni bapa kama chapati. Hata sehemu yake ya juu kabisa haifiki mita 120, na mto wa maana hakina. La ajabu ni kwamba mvua yake ni milimita 2,000 hivi kwa mwaka, takriban mara mbili ya ile ya Nairobi!

Basi maji huenda wapi? Ardhi ya Miyako ni jiwe la matumbawe, kama lile wenzetu wa Lamu na Mombasa wamejengea nyumba tangu jadi. Jiwe hilo lina vitundu vingi. Mvua hunywewa papo hapo, ikateremka hadi kwenye tabaka gumu lisilopitisha maji, kisha ikatiririka polepole hadi baharini.

Tena sehemu kubwa ya mvua hiyo huja na vimbunga. Septemba 1966 upepo ulivuma kwa kasi ya kilomita 307 kwa saa. Mwaka wa 2003 kimbunga kingine kiliangusha hata mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo. Lakini vimbunga vikipita mbali, mkulima wa miwa naye hulia. Ukame wa 1971 ulimtia hasara kubwa.

Wahandisi wakaamua kuyaziba maji huko huko chini. Walitoboa mashimo yaliyofuatana, wakachanganya saruji na mawe humo ndani hadi ukatokea ukuta. Ule wa Sunagawa, uliokamilika 1993, una urefu wa mita 1,677 na kimo cha mita 50. Pampu huyavuta maji hadi mashambani. Kwetu, ambako watu walihamishwa kupisha mabwawa ya Mto Tana, jambo hili lafaa kutazamwa kwa makini: ukisimama juu ya bwawa la Sunagawa huoni ziwa, waona miwa tu.

Mjini Hirara vingali vipo visima vya kale vyenye ngazi za mawe, ambako watu waliteremka kuteka maji kabla ya mifereji.