Seva na sahani tatu

Leo tuweke programu kando, wadau. Nataka kuwaambia juu ya Seva, mbwa wangu wa aina ya Great Dane hapa Mulot. Akisimama kwa miguu ya nyuma ananipita kimo.

Kila mtu huniuliza anakula kiasi gani. Mimi ninachohesabu ni mara ngapi. Mbwa wakubwa wenye kifua kilichoshuka kama yeye hupatwa na ugonjwa wa tumbo kujaa gesi kisha kujipinda. Damu hukosa njia, na bila upasuaji mbwa hufa kwa saa chache tu. Anayekula mlo mmoja mkubwa, tena kwa pupa, yumo hatarini zaidi.

Majirani zangu ni wafugaji, na ng'ombe aliyevimba tumbo wanamjua: mnyweshe mafuta, au daktari apitishe mpira. Lakini mafuta hayanyooshi tumbo la mbwa lililojipinda. Na usiku wa manane, daktari wa kumpasua mbwa yuko mbali na hapa.

Kwa hiyo chakula cha Seva nakigawa mara 3, kisha hapana kukimbia kwa saa nzima. Nikimwona anajikamua kutapika na hakitoki kitu, tumbo limekaza kama ngoma, sisubiri kuche. Namba ya daktari na ya mwenye gari nimezibandika mlangoni.

Great Dane huishi miaka 8 hadi 10 hivi. Tayari ni michache.